Mchezo wa kadi uliomfungua babu mdomo

Babu aliingia Dar es Salaam Jumapili jioni. Alikuwa amevuka kwa boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha akapanda basi mpaka Mbagala, ambako binti yake alikuwa akimsubiri. Alikuja kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemshika pande zote mbili, na hospitali ilikuwa imempa miadi ya upasuaji baada ya wiki tano.

Wiki tano ni nyingi kwa mzee aliyeishi baharini maisha yake yote, halafu akakalishwa kwenye kibaraza cha nyumba ya Tabata bila kuona hata sura ya anayepita barabarani. Asubuhi alinywa chai na kusikiliza redio. Jioni alisikiliza redio tena. Mjukuu wake wa miaka 10 alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akampita na kwenda kujifungia chumbani na kadi zake.

Kadi zenyewe zilikuwa za Pokémon, zawadi ya shangazi yake aliyekuwa amerudi kutoka safari. Mtoto alizijua zote. Usiku mmoja mama yake alimjaribu kwa kuziba majina kwa kidole gumba. Hakukosea hata moja. Alijua nani anaishi majini, nani anabadilika kuwa nani na nani anamshinda nani.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda naye soko la samaki la Feri. Mbele ya meza za samaki akamwuliza, kwa utani tu, huyu ni nani? Mtoto alimjua pweza na kamba. Changu akamwita "samaki mwekundu". Taa akamwita "ile bapa". Nguru na kolekole wakawa "samaki wakubwa".

Mama alikulia Mafia. Hadithi anayoipenda kumsimulia mwanawe ni ile ya viatu vyake vya kwanza vya shule, vilivyonunuliwa na babu kwa pesa iliyotoka baharini. Siku ile alirudi nyumbani na mfuko wa samaki na aibu kidogo. Mjukuu wa mvuvi hamjui changu!

Jambo hili haliko Tabata peke yake. Mwaka 2002 mtaalamu wa uhifadhi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Andrew Balmford, na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio dogo walilofanya kwa watoto wa shule za msingi nchini Uingereza. Waliwaonyesha picha za viumbe halisi wa nchi yao na picha za Pokémon, wakawauliza majina. Watoto wa miaka 8 waliwatambua karibu asilimia 80 ya Pokémon. Viumbe wa kweli waliwatambua kama nusu tu. Wataalamu hao hawakuwalaumu watoto. Waliona kwamba watoto wana uwezo mkubwa wa kujifunza viumbe, ila watengenezaji wa michezo wamewazidi wahifadhi kwa kuwavutia.

Hoja hiyo ndiyo iliyomsukuma David Ng, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, kuanzisha mchezo wa kadi uitwao Phylo. Kila kadi ni kiumbe wa kweli. Inaonyesha anaishi wapi, anakula nini na ana alama ngapi, na kadi zinapatikana bure mtandaoni, mtu anachapisha mwenyewe. Mama alizitazama kwenye simu. Wengi wa viumbe aliowaona walikuwa wa nchi za mbali. Akasema moyoni, hizi za kwetu nitazitengeneza mimi.

Alinunua manila na kalamu za rangi, akakata kadi 20 usiku huo huo. Juu ya ya kwanza aliandika: "Pweza. Hana uti wa mgongo. Taja sifa zake tatu."

Mtoto aliisoma, akairudisha mezani.

"Mama, hii siyo kadi. Huu ni mtihani."

Wazazi wengi wanaujua mlango huo ulivyo mgumu ukifungwa. Mtoto akinusa darasa ndani ya mchezo, mchezo umekwisha. Zile kadi 20 zikawekwa juu ya kabati.

*Silikanti wa Tanga*

Mlango ulikuja kufunguliwa na samaki mmoja.

Alasiri moja umeme ulikatika, chumbani kukawa joto, mtoto akahamia kibarazani na kadi zake. Alizipanga sakafuni karibu na miguu ya babu huku akizitaja kwa sauti. Alipofika kwenye moja akasema, "Relicanth."

"Nani huyo?" babu akauliza.

"Samaki wa Pokémon, babu. Wa zamani sana. Mwili wake kama jiwe."

Mama alikuwa pembeni akichambua mchele. Akasema kwamba huyo amechorwa kwa kumfuatisha samaki wa kweli, silikanti. Babu akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

"Silikanti? Huyo si yuko kwetu hapa hapa! Wavuvi wa Tanga wanamnasa kwenye jarife."

Mtoto alidhani anataniwa. Ikabidi simu itolewe. Na kweli, wataalamu walikuwa wakiamini silikanti alitoweka duniani pamoja na dainosaria, kama miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 mmoja aliponaswa Afrika Kusini. Tanzania ilianza kuwapata mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake huko Tanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano.

Mtoto alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo Pokémon wangu yupo Tanga?"

"Yupo," babu akasema. "Na wengine wapo Mafia. Kaa nikuhesabie."

Jioni hiyo kadi za manila ziliteremshwa kutoka juu ya kabati, zikageuzwa upande wa nyuma. Safari hii mama hakuandika neno. Kazi yake ilikuwa kukata, na kuhakiki kwenye simu pale babu na mjukuu walipobishana. Babu alitoa viumbe. Mtoto alichora na kuweka sheria.

Sheria zilikuwa rahisi, na mzazi yeyote anaweza kuziiga. Kila kadi ina namba nne: urefu, umri, ujanja na uhaba. Urefu na umri ni vya kweli, vinatafutwa. Ujanja na uhaba vinapewa alama 1 hadi 10 kwa makubaliano. Kila mchezaji anashika kadi zake. Mwenye zamu anataja namba moja, mwenye kubwa anazoa kadi zote mbili. Kwa kuwa babu hakuona vizuri, mtoto alimsomea kadi zake sikioni na kuapa kwamba hatazitumia.

Papa potwe akawa mfalme wa urefu. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 12, na kila mwaka anaonekana karibu na Kilindoni. Mtoto alitaka kumpa na ukali 10, babu akakataa: huyo anakula vijidudu na visamaki vidogo, na madoa ya mgongoni mwake hayafanani na ya mwenzake, kama alama za vidole. Pweza alishindwa urefu na umri, lakini kwa ujanja hakupata mpinzani: mioyo mitatu, damu ya bluu, na jike anayatunza mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Kasa alipata alama kwa kurudi kutaga kwenye pwani zile zile alikoanguliwa. Jongoo bahari, ambaye mtoto alimdharau kwa sura, alipanda ghafla ilipojulikana kwamba adui akimshika anatapika matumbo yake na kuota mengine.

"Sisi tulikuwa tunamkanyaga tu," babu akasema.

Ilipofika zamu ya bunju, samaki anayejivimbisha na mwenye sumu ya kuua, mtoto alishangaa. "Bunju si kule yanakoishia madaladala?" Na kiti cha pweza alimchekesha kwa jina hata kabla ya kuchorwa.

Ndani ya wiki mbili redio ilikuwa haisikilizwi tena jioni. Watoto wawili wa jirani walijiunga. Mama aliona kitu ambacho hakukipanga: mwanawe alikuwa anaandika sentensi ndefu bila kusukumwa, anajumlisha na kulinganisha namba, na kubwa zaidi, anamtafuta babu yake akirudi shule kabla hata ya kuvua viatu.

*Kadi ya jarife*

Ndipo mtoto akasema mchezo umekuwa rahisi mno, unahitaji kadi za balaa.

Ya kwanza ikawa Baruti. Anayeifungua, wachezaji wote wanapoteza viumbe wa matumbawe, kwa sababu baruti haichagui. Babu aliwajua watu waliopoteza viganja kwa kulipua samaki, na alijivunia kwamba yeye hakuigusa maisha yake yote. Ya pili ikawa Joto. Babu aliukumbuka mwaka 1998, maji yalipopata joto na matumbawe ya Mafia yakawa meupe, mengi yakafa. Kwa upande wa heri wakaweka kadi ya Hifadhi, kwa kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa Mafia mwaka 1995.

Ya tatu katika kadi za balaa ilikuwa Jarife, wavu mpana wenye macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa. Mtoto hakujua impige nani.

"Ipige wenye mapafu," babu akasema. "Kasa, ng'amba, pomboo, nguva. Hao lazima wapande juu kupumua. Samaki anakufa ukimtoa majini. Nguva anakufa ukimzuia humo humo majini. Akinasa anajizungusha, na kila akijizungusha anazidi kujifunga. Haichukui muda. Ukimtoa utaona jicho lake dogo, liko wazi."

Nguva ndiye aliyekuwa kadi ya thamani kuliko zote, mwenye uhaba 10. Ni mnyama anayenyonyesha, ndugu wa mbali wa tembo, anayechunga nyasi za baharini. Anabeba mimba zaidi ya mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na huweza kupita miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa mwingine. Ndiyo maana wakiuawa wachache tu, kundi linachelewa sana kurudi. Katika pwani ya Tanzania wamebaki wachache, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa sehemu za mwisho wanakoonekana. Kumvua ni kosa kisheria.

Mtoto alikuwa ameacha kuandika.

"Babu, umejuaje jicho lake liko wazi?"

Babu alipapasa mpaka akaipata redio, akaizima, ingawa ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini tu.

"Nilimtoa mwenyewe. Mimi na marehemu mdogo wangu. Tulitega upande wa mdomo wa Rufiji. Alfajiri tukavuta, wavu mzito, tukadhani papa. Alikuwa jike. Maziwa yalikuwa yanamtoka."

"Na mtoto wake?"

"Hatukumwona."

"Mkamfanya nini?"

"Tukamleta pwani, watu wakanunua nyama. Haikubaki hata kipande."

Mama alikuwa ameshika mkasi, anakata pembe za kadi. Aliikumbuka nyama ile. Aliikumbuka sufuria, na majirani waliokuja kupiga hodi. Alikuwa na miaka saba. Akauliza taratibu, "Baba, ni mwaka ule nilioanza shule?"

"Ni mwaka ule."

"Viatu vyangu?"

"Viatu, na sare," babu akasema.

Mtoto aliichukua kadi ya nguva, akaingia nayo ndani. Mama akataka kumfuata amweleze. Babu akamzuia. "Mwache. Ameuliza, nimemjibu."

*Siku mbili bila kadi*

Usiku huo mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mwanawe. Maneno yaliyomjia kwanza yalikuwa ya kumtetea baba yake: zamani watu hawakujua, wavu hauchagui, maisha yalikuwa magumu. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini aliona kwamba anayasema kwa ajili yake mwenyewe kuliko kwa ajili ya mtoto.

"Mlikuwa na njaa?" mtoto akauliza.

"Si kila siku."

"Sasa kwa nini?"

"Sikuwa na viatu," akasema. Hakupata jibu lingine la kweli zaidi ya hilo.

Siku mbili hakuna aliyecheza. Watoto wa jirani walikuja, wakaambiwa kesho. Babu alirudi kwenye redio yake. Hakumwita mjukuu, wala hakumlalamikia binti yake. Mama alijilaumu. Alikuwa ametaka mtoto ajue majina ya samaki, basi. Hakujua kwamba ukifungua habari za bahari kwa mvuvi mzee, hutapata majina peke yake.

Siku ya tatu mtoto alitoka na kadi ya jarife mkononi. Alikuwa ameiandika upya. Akaketi sakafuni, pale pale alipozoea, akasoma kwa sauti:

"Jarife. Wenye mapafu wote wanatoka mchezoni. Lakini mchezaji anaweza kukata wavu na kuwaokoa. Akikata, anapoteza zamu mbili na kadi moja."

Babu alisikiliza mpaka mwisho. "Zamu mbili ni nyingi."

"Wavu si ni ghali, babu?"

"Ni ghali mno. Jarife likikatika, msimu wako umekwisha."

"Ndiyo maana ni zamu mbili."

Babu akafikiri. "Mimi siku ile nisingeukata," akasema. "Nisikudanganye. Leo ningeukata. Siku ile, hapana."

"Najua," mtoto akasema. "Ndiyo maana kwenye kadi nimeandika anaweza. Sikuandika lazima."

Wakaanza kucheza. Kwenye mzunguko wa nne jarife likafunguka, na aliyekuwa na nguva mkononi alikuwa babu. Alipoteza zamu mbili na papa potwe wake. Mchezo huo alishindwa vibaya.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji Jumanne. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, babu aliangalia dari, akaangalia mikono yake, kisha akamwangalia mjukuu kwa muda mrefu. "Kumbe umefanana na bibi yako," akasema.

Nyumbani aliomba aletewe kadi, zote. Alikuwa amezicheza mwezi mzima bila kuziona. Alizipitia moja moja kwenye mwanga wa kibarazani, akazisogeza karibu na lile jicho moja, akicheka alipomfikia jongoo bahari na kumsifu pweza kwa mikono minane iliyohesabiwa vizuri. Alipofika kwa nguva akanyamaza. Mtoto akasogea.

"Umekosea," babu akasema.

"Wapi?"

"Mkia. Umemchorea mkia wa samaki, umesimama wima hivi. Wa nguva umelala, kama wa pomboo. Anaupiga juu na chini, si kulia na kushoto." Akaulaza mkono wake wenye makunyanzi hewani, akaupandisha na kuushusha polepole. "Hivi. Anapopanda kupumua, anapanda hivi."

Mtoto alichukua kifutio, akaketi karibu ya babu yake, akaanza kuufuta ule mkia.